Mfano wa Mfumo wa Jua wa Kutembea

Mfano wa mfumo wa Jua wa kutembea ni zoezi la vitendo linalowafunza watoto ukubwa wa sayari na umbali kati yao kwa uwiano mmoja. Toleo lake mashuhuri lilitolewa na Guy Ottewell mwaka 1989. Jua ni mpira wenye kipenyo cha sentimita 20. Dunia ni punje ya pilipili manga, nayo huwekwa hatua 26 kutoka kwenye mpira huo; Mwezi hukaa takriban sentimita 6 kando yake. Kila hatua, ndefu kiasi cha sentimita 90, huwakilisha kilomita milioni 5.8. Neptuni hufikiwa baada ya hatua zipatazo 777, umbali ambao michoro ya vitabuni, yenye kubananisha sayari kwenye ukurasa mmoja, haiwezi kuuonyesha.