Ujumbe Bila Laini: Redio Ndogo kwa Wavuvi wa Kusini

Kusi likichafuka na mvuvi wa Gazi au Msambweni akakawia, sisi wa nyumbani hupiga simu isiyopatikana. Simu hutegemea mnara. Ninachokieleza hapa hakiutegemei.

Meshtastic ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2020, hutumika kwenye redio ndogo za LoRa. Unaandika ujumbe kwenye simu, Bluetooth inaupeleka kwenye redio, nayo inaurusha. Redio nyingine zikiusikia huurusha tena, kwa kawaida hadi mara 3, na mwisho 7. Bando halihitajiki. Picha na sauti hazipiti.

Cha kuzingatia ni urefu wa antena. Juu ya maji mawimbi hufika mbali, ila vilima na mikoko huyazuia. Ndiyo maana redio ya kwanza ningeiweka Kwale mjini, juu ya vilima vya Shimba, kwa sola. Ya pili kwenye paa Msambweni. Ya chomboni juu ya mlingoti.

Kabla ya kununua, tuiulize Mamlaka ya Mawasiliano masafa yanayoruhusiwa. Kisha BMU zetu zijibu: usiku, nani pwani atakuwa macho kuusoma ujumbe huo?