Lugha zilizoachwa langoni mwa Shauri Moyo

Mwishoni mwa miaka ya 1930, wakoloni waliibomoa Pangani, kijiji cha Waafrika kilichokaribia kulingana umri na Nairobi yenyewe. Wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo, mtaa mpya uliojengwa jirani na Pumwani.

Miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo wanawake wengi. Walizaliwa Ukikuyu, Unandi na Umaasai, wakaingia mjini bila mume wala mzazi. Walitafuta riziki walivyoweza. Ukahaba ulikuwamo, na mwanahistoria Luise White aliueleza bila kupepesa macho katika kitabu chake cha 1990. Pesa zao zilijenga nyumba, na wengi wao wakasilimu. Aliyesilimu alipata jina jipya, majirani wapya, mashahidi wa ndoa na watu wa kumzika. Alihesabiwa Mswahili, hata kama kijijini kwao alikuwa ameacha mama asiyejua neno la Kiswahili. Mwanawe alisoma chuo cha Kurani, akacheza uani, akagombezwa na kubembelezwa kwa Kiswahili. Nyanya wa kumtegea vitendawili vya Kikuyu hakuwapo.

Miaka hiyohiyo, kaskazini katika msitu wa Mukogodo kule Laikipia, Wayaaku nao walikuwa wakiiacha lugha yao. Walikuwa wawindaji na warina asali, na mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Majirani wafugaji, wasemaji wa Kimaasai, wakawa wanaoa kwa ng'ombe. Baba aliyeonja mahari ya ng'ombe hakutaka tena mizinga, na kijana asiye na mifugo akakosa mchumba. Wayaaku wakageuka wafugaji, wakalea watoto kwa Kimaasai. Leo waliokulia katika Kiyaaku hawapo ila wazee wachache mno.

Kiyaaku kimo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Yaliyotokea Shauri Moyo hayamo, kwa kuwa lugha kama Kikuyu na Kinandi zina wasemaji tele makwao. Kwangu mimi orodha hiyo inaona nusu tu ya mambo. Lugha inaweza kustawi mlimani na kukatika kabisa katika ukoo mmoja mjini.

Kisha jijini Nairobi ikaja Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Kuanzia tarehe 24 Aprili 1954, askari wa Kiingereza waliwazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi kwa maelfu na kuwatia kizuizini au kuwarudisha vijijini. Nafasi zao katika Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, zilichukuliwa zaidi na Waluo, Waluhya na Wakamba. Familia nzima ilibanana katika chumba kimoja, hivyo watoto walishinda nje wakichanganya maneno ya kila nyumba. Sheng, lugha ya mchanganyiko ya vijana wa mjini, ilipata nguvu hapo, hasa miaka ya 1970, ingawa mwanaisimu Alamin Mazrui anaona mbegu zake tangu miaka ya 1930. Sitailaumu Sheng. Ilikuta kazi imekwisha kuanza.

Shule iliongeza lake. Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ya Kenya ilitaka wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na panapokaa makabila mengi, kwa Kiswahili. Mtoto wa Shauri Moyo angesikia Kiluhya kwa mamake tu, tena mama mwenyewe akiwa hajabanwa na biashara katika soko la Gikomba au la Burma.

Tangu miaka ya 2000, baadhi ya Wayaaku wamejaribu kuifufua lugha yao, wakisaidiana na wanaisimu wa Leiden, Uholanzi. Dai la ardhi limo ndani ya juhudi hizo: jamii inayoonyesha lugha yake huonyesha pia kwamba msitu wa Mukogodo ni wa mababu zake. Mjukuu wa mwenye nyumba wa Pangani hana msukumo wa namna hiyo. Akiifuata nyumba ya nyanya yake, ofisi humwomba karatasi, na hakuna anayemuuliza nyanya huyo aliota ndoto zake kwa lugha gani.