Wazazi, Shule na Gazeti: Funzo la Shule ya Serikali ya Tanga, 1892–1916

1. Utangulizi

Mzazi wa pwani ya Tanga anazo njia mbili za kumpeleka mtoto kusoma. Ya kwanza ni kumshika mkono, kwenda naye mpaka barazani kwa mwalimu wa chuo, kuketi, kusalimiana, na kumkabidhi kwa kauli yake mwenyewe pamoja na ubani. Ya pili ni kumwandikisha shuleni, kisha kungoja kuitwa. Kati ya njia hizi mbili uko umbali ambao haupimwi kwa hatua, na umbali huo una historia yake.

Miaka michache iliyopita niliketi, mimi nikiwa mzazi miongoni mwa wazazi, katika mkutano wa shule moja ya msingi ya pwani hiyo. Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa kwa haraka. Yalitajwa madawati, matundu ya vyoo, na chakula cha mchana. Wazazi waliinamisha vichwa wakihesabu kila mmoja deni lake. Ndipo akainuka bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu, akasema, “Mwanangu mwalimu, pesa nimekusikia. Sasa niambie, huyu mtoto anasoma nini humu ndani?” Watu walicheka, naye mwenyekiti akaendelea na ajenda. Swali halikujibiwa.

Makala haya yanakusudia kulichukua swali hilo na kulirudisha nyuma, mpaka kwenye shule ya kwanza ya serikali katika nchi yetu. Nitajaribu kuonyesha kwamba shule ile ilianza bila wazazi, kwamba ilikubalika pale tu habari zilipoanza kutembea kati ya shule na nyumba, na kwamba jambo hili linatugusa sisi wa Kanisa zaidi kuliko tunavyopenda kukiri.

2. Chuo kilichotangulia

Ni kosa kudhani kwamba Wajerumani walipofika Tanga waliwakuta watu wasio na elimu. Mrima wote ulikuwa na vyuo vya Kurani, na Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mshairi wa Tanga, aliandika utenzi mrefu juu ya vita vya Wajerumani vya kuitwaa pwani mara tu baada ya vita vile. Jamii iliyoweza kuandika historia ya kushindwa kwake yenyewe, tena kwa vina na mizani, haikuwa jamii ya wajinga.

Katika chuo, mzazi alijua mambo matatu. Alimjua mwalimu, kwa kuwa alikuwa jirani yake. Alijua mtoto anasoma nini, kwa kuwa yeye mwenyewe alikisoma Kitabu kile kile. Tena alijua mtoto amefika wapi, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na ada na sherehe yake, mpaka hitima. Hata neno kuhitimu, tulitumialo leo kwa shule na vyuo vyote, asili yake ni huko. Malipo yalikuwapo, lakini yalifungamana na ujuzi: mzazi alitoa kwa sababu alikuwa ameona.

3. Shule isiyo na wazazi

Mwaka 1892 shule ya serikali ilifunguliwa Tanga. Shabaha yake haikufichwa. Utawala ulihitaji makarani, wakalimani, watoza kodi na maakida. Na reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilihitaji watu wa kuandika na kuhesabu. Mtoto aliitwa kwa faida ya ofisi, si kwa ombi la nyumbani kwake.

Haishangazi basi kwamba wazazi wengi walijitenga. Hofu yao kubwa ilikuwa dini. Walioujua mji wa Unguja na milima ya Usambara walikuwa wameona shule za wamisionari, na kwao shule ya Mzungu ilikuwa ni mlango wa kanisa. Gavana Julius von Soden, aliyetawala kuanzia mwaka 1891 hadi 1893, alilitambua jambo hili. Alitaka shule za serikali zisifungamane na misheni, na aliona afadhali kuwapo mwalimu wa Kurani shuleni ili wazazi waondokewe na shaka. Wamisionari, wakiwamo wa Kiprotestanti, walipinga vikali, wakisema kwamba serikali ya nchi ya Kikristo haiwezi kutumia fedha zake kuimarisha Uislamu.

Tuitazame kwa makini hoja hii, kwa maana ni baba zetu katika imani walioitoa. Chama cha misheni cha Berlin, ambacho kazi yake hatimaye ilijulikana kwa jina la Bethel, kilikuwa kimeanza kazi Tanga mwaka 1890, na mwaka 1891 wamisionari wake walifika Mlalo. Hawakukosea kuona kwamba shule isiyo na dini hubadili tabia ya mtu. Lakini katika mabishano yale yote kati ya Dar es Salaam na Berlin, gavana aliwasemea wazazi, nao wamisionari wakamjibu gavana. Mzazi wa Tanga hakuulizwa na upande wo wote.

Mahali ambapo hiari ilikosekana, shuruti ilitumika. Majumbe na maakida walitakiwa kupeleka watoto, na yule aliyekuwa na uwezo wa kumficha mwanawe alimficha. Hapa hatuna ruhusa ya kuwanyoshea kidole Wajerumani wa ofisini peke yao. Martin Luther mwenyewe, katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa wakuu wa miji ya Ujerumani, aliwaelekea watawala kwa sababu aliona wazazi wengi ama hawataki ama hawawezi kuwasomesha watoto. Na katika hotuba yake ya mwaka 1530 juu ya kuwaacha watoto shuleni, alifika hatua ya kusema kwamba serikali ina haki ya kuwalazimisha watu. Hata hivyo iko tofauti moja kubwa. Hotuba ile ya 1530 ni ndefu, na karibu yote ni ya kumshawishi mzazi: inamweleza mtoto atakuwa nani, atasaidia nani, na kwa nini. Luther alitaja shuruti baada ya kueleza sana. Pale Tanga shuruti ilitangulia, na maelezo yakachelewa.

4. Kiongozi

Maelezo yalikuja kwa njia ambayo pengine waanzilishi wa shule hawakuitazamia. Shuleni pale palikuwa na mafunzo ya kazi za mikono, na miongoni mwake kazi ya kupiga chapa. Mnamo mwaka 1904 shule ilianza kutoa gazeti la Kiswahili kila mwezi, jina lake Kiongozi.

Kiongozi halikuwa gazeti la kwanza la Kiswahili, wala si la kwanza kutoka shuleni. Msimulizi lilikuwa limeanza mwaka 1888 katika chuo cha Kiungani, Unguja, chini ya misheni ya Kiingereza ya UMCA. Na misheni hiyo hiyo ilitoa Habari za Mwezi huko Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1890. Lakini hayo yalikuwa magazeti ya misheni. Kiongozi lilikuwa gazeti la shule ya serikali, lililosomwa na Waislamu na Wakristo pamoja, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini.

Lengo la serikali lilikuwa kueneza amri na kuwatukuza watawala, na mengi yaliyochapishwa yalifanya hivyo. Msomaji wa leo asilisome kama sauti huru ya wenyeji. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilipotokea, gazeti lilisimama upande wa wenye mitambo. Lakini gazeti haliwezi kuishi kwa amri tupu. Vijana waliotoka Tanga walikuwa wametawanywa katika vituo vya mbali, wakifundisha katika shule ndogo au wakiandika katika boma, nao walipeleka barua. Walieleza habari za mji walioufikia, mvua na mavuno, simba, wageni, sherehe na misiba. Walipeleka na mashairi.

Tufikirie maana ya jambo hili kwa mzazi aliyebaki nyumbani. Mwanawe alichukuliwa, akasoma asichokijua baba, akapelekwa asikokujua mama. Kisha karatasi inafika, mtu mmoja mtaani anaisoma kwa sauti, na ndani yake mna habari za mji ule alioko mtoto, zimeandikwa kwa Kiswahili chake, pengine na shairi ambalo mzee mwenyewe anaweza kulipima vina. Hapo ndipo shule ilipojibu, japo kidogo, swali la yule bibi: mtoto anasoma nini humu ndani. Mashairi yalikuwa ni elimu ya wazazi. Shule ilipoyakubali katika kurasa zake, ilikiri kwamba nyumbani nako kuna elimu.

Sidai kwamba gazeti peke yake liliwageuza wazazi. Mshahara wa karani ulisema kwa sauti kubwa kuliko karatasi yo yote. Lakini mshahara humvuta mtu bila kumshirikisha. Habari zilifanya kazi nyingine: zilimfanya mzazi awe mtu anayejua.

Ilipofika mwaka 1914, shule za serikali katika koloni zilikuwa karibu 100, zenye wanafunzi wapatao 6,000. Hesabu hiyo ilikuwa ndogo mbele ya shule za misheni, lakini uzito wake ulionekana baadaye, pale watawala wa Kiingereza walipokiri katika taarifa zao za kwanza kwamba waliwakuta wenyeji wanaoweza kuandikiana barua za kazi kwa Kiswahili kuliko walivyozoea kuona kwingineko. Tanga ilipotwaliwa na Waingereza mwaka 1916, Kiongozi lilikoma. Sisi Walutheri tulikuwa tumekwisha kuiga mfano: tangu mwaka 1910 misheni zetu zilikuwa na gazeti lake, Pwani na Bara.

5. Baada ya Kiongozi

Historia iliyofuata inaonyesha jambo lile lile likijirudia. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza ilianzisha shule za kati, darasa la tano hadi la nane, na kutia mkazo katika kilimo. Wazazi wengi hawakupendezwa. Waliona mtoto aliyetolewa shambani anarudishwa shambani. Katika miaka hiyo hiyo wazazi wa Kiafrika waliunda jumuiya yao, TAPA, wakafungua shule wenyewe. Hawakuwa na fedha nyingi, lakini walikuwa na shule waliyoijua.

Baada ya Uhuru, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la mwaka 1974 vilifungua mlango kwa kila mtoto. Mwaka 1969 shule nyingi za makanisa zilitwaliwa na taifa, jambo ambalo kwa haki ya watoto wote lilikuwa na maana yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule za msingi iliondolewa na kamati za shule zikapewa madaraka ya fedha. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Haya yote ni mema. Hata hivyo, katika mikutano mingi mzazi amebaki kuwa mtu wa kuulizwa mchango. Na mchango usipoulizwa, hana la kuulizwa.

6. Hitimisho

Tunajifunza nini basi? Kwanza, kwamba ukimya wa wazazi si uthibitisho wa uzembe. Wazazi wa Tanga waliowaficha watoto wao mwaka 1892 walikuwa watu waliokuwa wakigharimia elimu kwa karne nyingi. Walikimbia shule isiyosema nao.

Pili, kwamba habari hutangulia mchango. Chuo kilipokea ubani kwa sababu mzazi aliona. Shule ya leo hutaka ubani kabla ya kuonyesha. Barua ya ukurasa mmoja kwa muhula, iliyoandikwa na wanafunzi wenyewe juu ya wanayojifunza na yanayotokea kijijini, ingefanya kazi ambayo mihuri mingi haijaifanya.

Tatu, na hili ni letu. Tulipokuwa na sauti mbele ya serikali, tuliitumia kubishana juu ya watoto wa wengine bila kuwauliza wazazi wao. Leo wachungaji wengi tunaketi katika kamati na bodi za shule pamoja na masheikh. Tusiketi pale kwa ajili ya kulinda kipindi cha dini peke yake. Maandiko yanatuonyesha wazazi waliomtafuta Mtoto siku tatu, wakamkuta hekaluni kati ya waalimu, nao hawakufukuzwa walipouliza. Waliuliza, wakajibiwa, ingawa jibu hawakulielewa lote.

Yule bibi wa mkutanoni aliketi bila jibu. Nilikuwapo, na mimi pia nilinyamaza, kwa kuwa nilitaka mkutano uishe mapema. Nimeandika makala haya kwa sehemu kwa sababu ya kunyamaza kule.