Masizi, Maji na Sheria

Elimu peke yake haiokoi mtu. Mwaka 1775, huko London, mpasuaji Percivall Pott aliandika kwamba wasafisha dohani walipatwa na saratani ya ngozi ya korodani kwa sababu ya masizi. Walianza kazi wangali watoto, wakipenyezwa katika dohani nyembamba; maradhi yalitokea wakiwa watu wazima.

Kinga yake ilikuwa nini? Kuoga, na nguo za kufunika mwili. Huko Denmark chama cha wasafisha dohani kiliagiza watu wake waoge kila siku. Mwaka 1892 daktari Henry Butlin alieleza kwamba wenzao wa bara la Ulaya waliugua kwa nadra kuliko Waingereza.

Na Uingereza je? Sheria ya 1840 ilikataza kupandisha watoto dohanini, lakini haikuwa na msimamizi, ikapuuzwa. Desturi ile ilikoma baada ya sheria ya 1875, iliyomtaka kila msafishaji apate leseni kwa polisi. Miaka mia kamili!

Basi jiulize, msikilizaji: katika mtaa wako, ni hatari gani inayojulikana tayari, lakini haina wa kuisimamia?