Akiba ya Fedha Yetu Imekaa Wapi?

Hapo kale watu wa Upare hawakuwa na haja ya kuuliza fedha ina thamani gani. Wahunzi wa Ugweno waliyeyusha chuma wakafua majembe, na jembe lilibadilishwa kwa mbuzi au chakula, maana thamani yake ilikuwa ndani yake. Noti si hivyo. Noti ni ahadi. Basi yatupasa tujue ahadi hiyo yategemea nini, na ufunguo wa hazina umo mkononi mwa nani.

Mwaka 1916 vita vilipopita Same kwa kuifuata reli ya Tanga, Wadachi walikuwa wamefungiwa njia ya bahari, na walikuwa wamekwisha kutoa noti nyingi zilizopigwa chapa humu nchini. Ndipo huko Tabora wakafua sarafu kwa dhahabu ya Sekenke, kila moja rupia 15, yenye sura ya tembo. Utawala wao uliposhindwa, ahadi ya noti iliingia mashakani. Lakini dhahabu ilibaki dhahabu mkononi mwa kila aliyekuwa nayo.

Katika miaka ya 1920 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa paundi moja. Bodi iliyoisimamia ilikaa London, na akiba yake iliwekwa huko kwa hati za paundi. Hata Septemba 1931, Uingereza ilipoacha kutoa dhahabu kwa paundi, shilingi yetu ilishuka pamoja nayo, wala mkulima wa kahawa wa Upare hakuulizwa neno. Dhahabu ikapanda bei. Wachimbaji wakamiminika Lupa, katika nchi ya Chunya, na waliyoyachimba yakapelekwa ng'ambo.

Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, ufunguo ukaja nyumbani. Tena, tangu Oktoba 1, 2024, wauzao dhahabu nje walitakiwa kutenga si chini ya sehemu 20 katika kila 100, isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu.

Jambo hili lina faida, kwa kuwa dhahabu haitegemei ahadi ya taifa jingine. Lakini hainunuliwi bure, wala haizai riba ikiwa imelala hazinani, na bei yake hupanda na kushuka katika masoko ya dunia tusiyoyatawala sisi. Wazee husema, akiba haiozi. Ni kweli, lakini mwenye ghala yampasa kulihesabu mara kwa mara, na kuwaambia wa nyumbani mwake kilichomo.