Maji ya kupozea (injini ya boti)

maji ya kupozea *nm [ya-]* maji yanayopitishwa katika injini ili kuondoa joto lake. Katika boti, hasa ni maji yanayovutwa kutoka baharini, ziwani au mtoni na kurudishwa nje, aghalabu kupitia ekzosi: *Maji ya kupozea hayatoki, zima injini.*

Istilahi hii hukutwa katika vitabu vya maelekezo ya injini, mafunzo ya mabaharia na taarifa za ukaguzi wa vyombo. Maneno yanayoizunguka ni ya kila siku, na hapo ndipo hatari yake ilipo: kitenzi kimoja kinachoeleweka kwa namna mbili chaweza kuharibu injini au kujaza chombo maji.

Njia ya maji

Gari hupozwa kwa rejeta na upepo. Boti hutumia maji yanayoizunguka. Katika injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo, maji huingia kupitia tundu lililo chini ya usawa wa maji, hupita kwenye vali na chujio, kisha hufika kwenye pampu. Ndani ya pampu mna impela, yaani gurudumu dogo lenye mapezi ya mpira, linaloyasukuma maji mbele. Katika injini nyingi maji hayo huingia kwenye kifaa cha kubadilishana joto, ambamo maji ya nje na maji ya ndani ya injini hupita kila moja katika njia yake bila kuchanganyika. Mwishowe maji ya nje humiminwa katika kiwiko cha ekzosi, hukutana na moshi wa moto, huupoza na kutoka pamoja nao.

Kwa hiyo *bomba la moshi* la boti ya namna hii ni bomba la moshi na maji pia. Mfasiri anayeandika *bomba la moshi* bila kuongeza neno humfanya msomaji adhani kwamba maji yatokayo humo ni dalili ya ubovu, ilhali ubovu ni kutokuwapo kwake. *Ekzosi* [i-/zi-] ni salama zaidi, na *ekzosi ya maji* huondoa shaka.

Baada ya kiwiko, ekzosi mara nyingi huwa ya mpira. Maji yakikosekana, mpira huo huungua upesi, pengine kabla kipimo cha joto hakijapanda, kwa kuwa kipimo husoma joto la injini wala si la ekzosi. Mpira ukitoboka, moshi huingia chumbani ukiwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua.

Vitenzi na maneno yanayotatiza

*-poa, -poza, -pooza.* Injini *hupoa* yenyewe ikizimwa, maji *huipoza*. Kutokana na *-poza* hupatikana *-pozea*, yaani kupoza kwa kutumia kitu. Umbo *-pooza* nalo husikika katika maana ya kutoa joto au kupunguza nguvu, na vituo vya umeme nchini Tanzania hutajwa kwa maumbo yote mawili: *kituo cha kupoza umeme* na *kituo cha kupooza umeme*. Katika maandishi ya ufundi, *-poza* lafaa zaidi, kwa sababu *injini imepooza* yaweza kufahamika kuwa imeishiwa nguvu.

*-chemka, -chemsha.* Madereva husema *gari limechemsha*. Katika lugha rasmi kinachochemka ni maji. Injini yaweza kupata joto la kuidhuru bila tone moja kuchemka, hasa maji yakiwa yamekwisha. Iandikwe: *injini imepata joto kupita kiasi*.

*-funga, -fungua.* Hapa pahitaji uangalifu kuliko popote. Kwa fundi, *kufunga pampu* ni kuiweka mahali pake na kukaza skrubu; *kuifungua* ni kuibomoa au kuitoa. Kwa mtu wa kawaida, *kufunga bomba* ni kuzuia maji na *kufungua* ni kuyaruhusu. Basi *fungua vali ya maji ya nje* ina maana mbili, na ikifuatwa kwa maana ya fundi chombo kikiwa majini, tundu hubaki wazi na maji huingia ndani. Iandikwe: *geuza mkono wa vali hadi maji yapite*, *geuza mkono wa vali hadi maji yakatike*, na kwa kazi nyingine, *toa vali chombo kikiwa kimepandishwa nchi kavu*.

*-ziba.* *Ziba bomba* ni amri ya kukomesha uvujaji. *Bomba limeziba* ni habari kwamba limejaa uchafu. Pale ambapo msomaji anaweza kuchanganya, *limejaa taka* hutosha.

*Maji baridi.* Mabaharia huambiwa waisuuze injini kwa *maji baridi* baada ya safari ya baharini. Kinachokusudiwa ni maji yasiyo na chumvi, si maji yenye ubaridi. Kosa hili lina madhara: maji ya baridi yakimwagwa ghafla ndani ya injini yenye moto mkali huweza kupasua chuma chake. *Maji yasiyo ya chumvi* hayana utata. Kwa wasemaji wa pwani, *maji matamu* pia hueleweka hivyo.

*Moshi, mvuke.* Yote ni ya ngeli ya [u-], na yote yaweza kuwa meupe. *Mvuke* hutoweka hewani upesi, na ukizidi huonyesha kwamba maji ni machache mno kwa joto lililopo, ingawa asubuhi yenye baridi mvuke kidogo ni wa kawaida. *Moshi* mweupe unaoelea juu ya maji kwa muda hutokana na mafuta yasiyoungua. Wa buluu huashiria oili inayoungua. Mweusi, mafuta kuzidi hewa. Kuandika *moshi mweupe* mahali pa *mvuke* humpeleka fundi kwenye pampu ya dizeli ilhali ubovu uko kwenye pampu ya maji.

Kutambua hitilafu kwa namna maji yanavyotoka

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kupambanua hali hizi, na kila kitenzi huelekeza uchunguzi mahali tofauti.

1. *Maji hayatoki kabisa.* Injini izimwe kwanza. Kisha huchunguzwa kwa kufuata njia ya maji: je, vali imeachia maji? Tundu la kuingilia limezibwa na mwani au mfuko wa plastiki? Chujio limejaa? Mkanda wa pampu umekatika? Mwisho ni impela. Mpira wake hulainishwa na maji yenyewe, hivyo pampu ikizunguka kavu mapezi hukatika kwa muda mfupi. Vipande vyote vitafutwe na kuhesabiwa. Kinachobaki huenda kuziba njia mbele, na impela mpya haitasaidia.

2. *Maji yanachuruzika*, yaani yanatoka kwa uchache. Impela huenda imechakaa, chujio limejaa nusu, au mpira wa upande wa kuvuta una ufa. Ufa wa upande huo mara nyingi hauvujishi maji bali huvuta hewa, kwa hiyo *kuvuja* si neno lake. Isemwe *pampu inavuta hewa*. Chumvi na kutu katika kiwiko cha ekzosi nazo hupunguza mtiririko.

3. *Maji yanatoka vizuri lakini injini ina joto.* Maji ya nje yanapita. Uchunguzi uhamie maji ya ndani: kiasi chake, themostati, pampu yake na ukoko katika kifaa cha kubadilishana joto. Kifuniko cha maji ya ndani kisifunuliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji hufoka na kuunguza.

4. *Stata inapigwa mara nyingi, injini haiwaki.* Pampu huendelea kuingiza maji katika ekzosi, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yakijaa hurudi hadi ndani ya injini. Maji ya nje yakatwe kwenye vali, na mara injini ikiwaka yaruhusiwe tena bila kuchelewa.

Katika mashine ya kupachika nyuma ya boti, maji huvutwa kupitia mguu wake, na mchirizi mwembamba hutoka ubavuni kama ishara kwamba pampu inafanya kazi. Mchirizi ukikatika, mashine izimwe. Tundu lake lenyewe laweza kuwa limejaa mchanga au chumvi ilhali injini inapozwa, na waya mwembamba hulizibua. Lakini *mchirizi upo* si sawa na *injini inapozwa yote*: themostati iliyokwama haionekani katika mchirizi.

Tanbihi kwa wafasiri na walimu

Maelekezo ya hitilafu husomwa na mtu mwenye haraka, pengine chombo kikisukumwa na upepo kuelekea mwambani. Kila amri ibebe tendo moja, na itangulie sababu yake: *Zima injini. Maji ya kupozea hayatoki.* Sentensi inayoanza kwa sababu ndefu huchelewesha amri. *Maji ya nje* na *maji ya ndani* yateuliwe mwanzoni mwa matini na yasibadilishwe. *Maji ya bahari* hayafai katika kitabu kitakachotumiwa Ziwa Victoria au Ziwa Tanganyika.

*Tazama pia:* chujio, ekzosi, -foka, kiwiko, mvuke, rejeta, themostati, vali.