Ngozi ya Silikoni

Fungueni ukurasa huu, mfuate kwa kidole tunaposoma. Somo la leo ni historia, lakini si ya wafalme wala vita. Ni habari ya kampuni moja ya Ufaransa, na ya kisu kisicho na chuma.

Silikoni hutolewa katika mawe na mchanga. Husafishwa, huyeyushwa, hukuzwa kuwa gogo, kisha gogo hukatwa visahani vyembamba. Juu ya kisahani hutengenezwa chipu, ambayo ndiyo akili ya kompyuta na simu. Ndani ya chipu mna transista, yaani swichi ndogo mno, mamilioni kwa mamilioni, zinazofungua na kufunga njia ya umeme.

Tatizo lilikuwa hili. Mtazame mkulima aliyechimba mfereji katika udongo wa kichanga. Maji hayafiki yote shambani. Mengine hunywewa njiani. Ndivyo ulivyo umeme wa transista: mwingine hupotelea chini, katika unene wa kisahani. Chipu huchelewa, hupata moto, na betri huisha upesi. Mkulima angesakafia mfereji kwa saruji. Wataalamu nao walijua dawa: chini ya transista pawe na oksidi ya silikoni, jamaa ya kioo, isiyopitisha umeme, na juu yake ngozi nyembamba ya silikoni safi. Kusema ni rahisi! Njia moja ilikuwa kubandika visahani viwili pamoja, kisha kukisaga kimoja mpaka ubaki utando tu. Yaani kusaga mali ya thamani iwe vumbi.

Mwaka 1991, katika maabara ya serikali iitwayo Leti, mjini Grenoble, Bwana Michel Bruel alipata njia nyingine. Ilijulikana kwamba hidrojeni ikipenyezwa katika kitu kigumu, kisha kikatiwa moto, hufanya malengelenge, kama ngozi ya mtu aliyeungua. Wengine waliyaona kuwa kasoro. Yeye aliyafanya kisu.

Someni polepole hapa, maana ndipo penye utamu. Kisahani cha kwanza huokwa kikapata tabaka la oksidi. Hupigwa chembe za hidrojeni, nazo huzama zote kina kimoja. Kisha hupinduliwa na kulazwa juu ya kisahani cha pili. Hakuna gundi, nyuso zikiwa safi na laini kabisa hushikana zenyewe. Vyote viwili huingia tanurini, kwenye joto la nyuzi 500 hivi. Hidrojeni hutanuka, na kisahani cha kwanza huambuka pale pale ilipokaa, kikiacha ngozi yake juu ya mwenzake. Ngozi hiyo hupimwa kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Kisahani kilichochunwa hakitupwi. Husuguliwa, kikatumika tena.

Kampuni iliyoifanya kazi hii biashara ni Soitec. Ilianzishwa mwaka 1992 na watu wawili waliotoka maabara hiyo hiyo, Bwana André-Jacques Auberton-Hervé na Bwana Jean-Michel Lamure. Wateja hawakuja mbio. Visahani hivi vilikuwa ghali, na nani hubadili jembe linalolima? Lakini mwaka 1998 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza chipu za namna hii, ikasema kazi yake ingezidi hadi kwa asilimia 35. Mwaka 1999 Soitec ilifungua kiwanda huko Bernin, karibu na Grenoble.

Baadaye iliingia katika umeme wa jua, ikapata hasara, na mwaka 2015 ikatangaza kuiacha biashara hiyo. Watu walipoteza kazi. Kampuni ikarudia visahani vyake, na safari hii soko kubwa lilikuwa simu. Sehemu ya simu inayotuma na kupokea mawimbi inataka swichi zisizovujisha, ama sivyo mawimbi huchafuka. Jioni hii ukimpigia nduguyo aliye mbali, huenda sauti yako ikapita kwanza juu ya ngozi iliyochunwa hivyo.